Kinu Kilichonyamaza

Hapa Mampong, nyumba isiyotwanga fufu, ugali wetu wa mihogo na ndizi, jioni ina jambo. Ama kuna mgonjwa, ama mfuko umetoboka, ama mke amefungasha. Kwa hiyo kinu cha jirani yangu Injinia Dankyi kiliponyamaza, sikungoja kuambiwa. Nilisogeza kigoda changu karibu na ukuta.

Dankyi alikuwa injinia wa kilimo serikalini. Mashine za kupukuchua mahindi, za kukuna mihogo, zote zimepita mikononi mwake. Wenzake wakistaafu hulala. Yeye alirudi nyumbani akaanza kutengeneza kila kitu ambacho hakijaharibika. Banda la kuku likapata mlango wa kujifunga wenyewe, kuku wakalala nje. Mkewe Serwaa alicheka tu, maana jioni walikuwa na lao. Mzee anasimama na mchi, mama ameketi anageuza fufu kinuni. Mchi unapanda, mkono unaingia; mchi unashuka, mkono umeshatoka. Watoto wote wako Kumasi, kwa hiyo ni wao wawili tu, wanatwanga na kutaniana. Mimi nilikuwa napika mchuzi wangu kwa kufuata mapigo yao.

Kisha siku moja nikasikia mota. Injinia ametengeneza mashine ya fufu!

"Ya nini?" Serwaa akauliza.

"Kukupumzisha."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Wewe kula tu. Laini hiyo."

"Laini? Gundi ya seremala hii! Kula na mashine yako."

Kuanzia hapo akawa anapika wali, na kwa Serwaa wali ni chakula cha kumpa mtu usiyetaka akae. Jioni zikawa kimya. Majirani wakaanza kunong'ona, na maneno yakamfikia kaka yake Serwaa, Ntim, mkuu wa ukoo wao. Jumamosi akaingia uani na chupa ya pombe ya jini kwapani.

Nilipoiona ile chupa niliinuka kigodani. Kwetu mume huoa kwa kinywaji, na ukoo wa mke ukikirudisha, ndoa imekwisha. Nikachukua kibakuli, nikaenda kuomba chumvi. Nyumbani nilikuwa na chumvi tele.

"Shemeji," Ntim alikuwa anasema, "dada yangu anasema humtaki tena kinuni. Kama umemchoka, tamka. Kinywaji chenu hiki hapa."

"Nimemchoka nani?" Injinia akaruka.

"Mimi!" Serwaa akasema. "Mchana kutwa uko na spana zako. Saa ya kutwanga ndiyo saa pekee niliyokuwa nakupata. Na yenyewe umempa mota."

Injinia akanyoosha mikono mbele yetu. Ilikuwa inatetemeka, na kadiri alivyojitahidi kuituliza ndivyo ilivyozidi.

"Mchi hauendi tena ninakotaka," akasema. "Siku ile ya mwisho ulipita kwenye ukucha wako hivi hivi. Ulikuwa unacheka, hukuona. Niliuona mimi. Sasa niuponde mkono wako huu, Serwaa? Huu?"

Ntim akaitazama chupa yake kama mtu aliyekuja msibani na ngoma. Mimi nilikuwa nalia ndani ya kibakuli.

"Injinia mzima," Serwaa akasema, akijifuta macho kwa khanga. "Si ungesema tu?"

"Ningesemaje? Kwamba nimeshindwa na mti?"

Serwaa akainuka, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akashika mchi.

"Keti."

"Wapi?"

"Kwenye kigoda changu. Leo natwanga mimi, wewe geuza."

"Serwaa, wewe una hasira."

"Tena nyingi. Haya, keti!"

Akaketi. Kaka mtu akaifungua ile chupa, akatumiminia sote, hata mimi wa chumvi. Mihogo na ndizi za kuchemsha zikaingia kinuni, na Injinia, bila kubisha tena, akatia ule mkono wake unaotetemeka chini ya mchi. Alikuwa mzito, alikosea, alirudia. Serwaa alishikilia mchi juu, akamngoja mpaka mkono utoke, ndipo akashusha.

Siku hizi wanatwanga polepole mno. Mchuzi wangu unaungua kila jioni, nami sijali.