Sweta la Buluu

Obonyo alikuwa fundi wa mbao pale mtaa wa Lindi, na jicho lake lilisifika: ubao ukipinda unene wa ukucha, ataona. Jicho hilohilo ndilo lililomponza.

Audrey, mchoraji wa kule mtaa wa Kongo, Kawangware, humwagiza fremu za picha, na mke wa Obonyo, Nereah, ndiye huzipeleka. Siku moja Audrey akamwomba Nereah amkalie amchore. Obonyo alikubali. Mwanamke kumchora mwanamke mwenzake kuna ubaya gani?

Jumanne ile Nereah alikuwa sokoni Kisumu Ndogo akiuza dagaa wa omena, kwa hiyo Obonyo akapeleka fremu mwenyewe. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani, rangi ya mafuta ingali mbichi. Chumba cha giza, pazia limefungwa, na Nereah amekaa ukingoni mwa kitanda, kichwa ameinamisha. Huzuni ya uso ule haikumshtua Obonyo hata kidogo. Kilichomshtua ni sweta. Buluu! Nereah hakuwa na sweta la buluu. Audrey alikuwa ndani akichemsha chai. Obonyo akaacha fremu mlangoni, akaondoka bila kuaga.

Njia nzima wivu ulimtafuna. Nani kamnunulia? Mbona alivae huko na si nyumbani? Alipofika akamwaga sanduku la mkewe, akapindua godoro, akapekua hadi karai la nguo chafu. Mtafutaji hachoki, wanasema. Huyu alichoka na hakupata kitu. Mwenye akili angepoa. Yeye aliona kukosa huko ndio ushahidi wenyewe: basi limefichwa kwa huyo mwanamume!

Nereah alimkuta katikati ya nguo.

"Hiyo sweta ya buluu, ni mwanaume gani alikununulia?"

"Sweta gani? Mimi sina sweta ya buluu."

"Nimeiona na macho yangu kwa Audrey!"

"Baba Seline, haki ya Mungu..."

"Funga nguo zako urudi kwa mamako!"

Nereah hakulia. Aliokota nguo zake moja moja sakafuni, akazitia kwenye begi. "Sawa. Lakini kwanza twende kwa Audrey, unionyeshe hiyo sweta."

Audrey alipoelezwa alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akamsogezea Obonyo kibao chake cha kuchanganyia rangi.

"Fundi, mimi hata sina buluu hapa. Hii picha ni rangi nne tu: nyeupe, nyeusi, nyekundu na hii manjano ya udongo."

Akachanganya nyeusi na nyeupe, ikatoka rangi ya majivu. Akaipaka kwenye kipande cha ubao, akaizungushia manjano na nyekundu. Mbele ya Obonyo, yale majivu yakawa buluu.

"Zikikaa pamoja hivi, jicho linadanganyika," Audrey akasema.

Nereah akafungua begi, akatoa sweta la kijivu. Zamani lilikuwa jeupe, kabla ya miaka ya kufuliwa. Kifungo cha juu kilikuwa cha mbao. Obonyo alikitambua kabla hajakigusa. Mwaka waliohamia Lindi alimnunulia mkewe sweta la mtumba lililokosa kifungo kimoja, akakaa jioni nzima akichonga kingine. Akaigeukia picha. Kifungo kilikuwa pale kooni, kimechorwa hadi matundu yake mawili. Na sweta lenyewe mchana ule alikuwa amelishika mkononi, akalitupa kando, akaendelea kutafuta.

Aibu ilimchoma. "Mama Seline, nisamehe. Twende nyumbani."

Nereah akamwekea sweta mikononi.

"Uliniuliza ni mwanaume gani alininunulia. Ni mmoja zamani alikuwa ananiangalia. Ukimwona, mwambie niko kwa mamangu."

Akamuaga Audrey, akachukua begi lake, akatoka.