Kiboko Anapoanguka

Anayesema katuni ni za watoto simtaki mezani kwangu. Baba yetu, karani wa masijala, mtu mzima na tai yake shingoni, hakuna alichokipenda kama ile kanda ya Kiboko Mkurugenzi. Jumamosi mchana deki ilikuwa yake, na sisi tulijipanga chini, kwenye mkeka.

Mto unakauka, wanyama wanakufa na kiu, naye Kiboko kaitisha kikao cha kupanga siku ya kikao. Kobe anaandika kumbukumbu. Nyani anaitikia "Naam, mheshimiwa!" hata kabla hajaambiwa kitu. Sisi hapo tulikuwa tunapiga miayo tu, tunangoja Kiboko ateleze, aanguke puu, makalio yote tope. Lakini Baba, akifika kwa Nyani, mbavu hana. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Baba, unacheka nini?"

"Mtajua mkiajiriwa."

Jamani, nimeajiriwa, nimejua! Nyani wetu anakaa meza ya pili kutoka yangu. Juzi tumeshinda asubuhi nzima tukijadili rangi ya viti vya mkutano, na bombani hakuna hata tone la maji ya kunawa.

Sasa Baba anakaa kwangu. Tangu apatwe na kiharusi anakula, anaoga, anatazama ukuta. Kucheka hakuna, hata tabasamu la kuazima. Kaka yangu anasema tumwache apumzike. Apumzike nini? Mimi nakitaka kicheko chake, ndicho nilichokulia, na nimekikosa vibaya mno. Nikaisaka ile kanda, fundi akaihamishia kwenye flashi. Jumamosi mchana nikamkalisha Baba kitini, binti yangu akakaa chini miguuni pake.

Kikao kikaanza. Nikamkodolea Baba macho, sikutazama kioo cha runinga kabisa.

"Naam, mheshimiwa!"

Baba kakaa tu, mikono magotini. Nikaanza kumwona kaka yangu ana haki, na hilo peke yake lilitosha kunikasirisha.

Mara nikamsikia Nyani: "Mheshimiwa, hongera, mto umekauka kwa wakati uliopangwa!" Sauti ileile ya yule wa meza ya pili! Nikapasuka. Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka machozi, na si yote yaliyokuwa ya kicheko.

Baba akanigeukia.

"Unacheka nini?"

Jibu nilikuwa nalo, alinipa mwenyewe nikiwa mdogo.

Pale pale Kiboko akateleza. Puu! Binti yangu akapiga kelele, na Baba naye. Alicheka! Kicheko chembamba, sijawahi kukisikia kwake, anapiga mapaja kwa ule mkono mmoja mzima.

"Kaanguka!" akaniambia. "Umemwona? Kaanguka!"

"Nimemwona, Baba."

Nikairudisha nyuma, aanguke tena.