Laptopu Chini ya Majani

Joab Opondo alistaafu kiwandani akiwa na saa ya ukutani, blanketi mbili na mikono isiyojua kukaa bure. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kunyausha. Majani mabichi yakishashushwa kwenye lori, yeye ndiye aliyeyatandaza juu ya vitanda virefu vya wavu na kuyapulizia hewa kutoka chini, mpaka yalegee, yawe tayari kusagwa. Kazi hiyo haitaki pupa. Ukizidisha joto umeyapika, na majani yaliyopikwa hayana mwenyewe.

Wenzake walipostaafu walirudi kwao ziwani. Yeye akakodi chumba mjini Litein, nyuma ya duka la mbolea, akaandika mlangoni kwa rangi ya buluu: OPONDO KOMPYUTA, TUNATENGENEZA. Hao wengine wa kutengeneza hawakuwapo. Alikuwa peke yake. Ufundi alijifunza jioni jioni mjini Kericho mwaka wake wa mwisho kazini, darasa moja na vijana waliomwita babu. Mwanawe Calvince alimtumia bisibisi ndogondogo kutoka Nakuru, naye akazipenda kama mtoto anavyopenda viatu vipya.

Mkewe, Jerusa, hakumkataza. Alisema tu, "Sawa, baba Calvince. Lakini mvua hii ikiisha na hakuna anayekujua, tunaenda nyumbani." Kisha akaanza kupanga vyombo kwenye makatoni, kimoja kimoja, polepole, mume wake aone. Jirani akiuliza kama fundi yupo, Jerusa hujibu, "Baba Calvince yuko." Neno fundi halikutoka kinywani mwake, na kila lilipokosa kutoka Joab alilisikia.

Wiki tatu zikapita. Wawili walikuja kuchaji simu, mmoja akapotea njia akitafuta kinyozi. Joab akatumia nafasi hiyo kuandika sheria ya duka kwenye kipande cha katoni na kuibandika ukutani: CHAI MARUFUKU KARIBU NA MEZA. Mji unaoishi kwa chai, halafu mzee aje apige chai marufuku! Watu walicheka, lakini yeye mwenyewe alikunywa yake nje, ameketi kwenye ngazi.

Jumanne alasiri akaingia mama mmoja mwenye kikapu mgongoni, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso.

"Chamgei, mzee. Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Chamgei mising, mama. Ndiye mimi."

"Usicheke."

"Sijacheka."

"Utacheka." Akafungua leso. Ndani mlikuwa na laptopu inayotoa jasho, inanukia majani mabichi.

Aliitwa Chepkorir, na chai alianza kuchuma kabla ya kuolewa. Laptopu ilikuwa ya binti yake, Nelvine, anayesoma chuo kikuu pale Kabianga. Nelvine aliiacha nyumbani Jumapili kwa sababu tundu la chaja lilikuwa limelegea, akamwomba mama yake aipeleke Litein.

"Nikasema nipitie kituoni kwanza, nipimishe majani," Chepkorir akaeleza. "Wingu likakuwa nyeusi. Nikaona hii kitu itanyeshewa. Nikaifunga na leso, nikaiweka chini kabisa ya kikapu, majani juu. Halafu lori ikachelewa."

Joab hakuhitaji kuelezwa zaidi. Majani mabichi yakisongamana hupata joto yenyewe na kutoa mvuke. Hilo alilijua kuliko alivyojua kompyuta. "Masaa mangapi?"

"Matatu."

"Mama Nelvine, umeipika."

"Si najua! Majani yangu mwenyewe siwezi kuyaacha hivyo. Leo niliogopa mvua, nikasahau majani." Akakaa kwenye kiti bila kualikwa. "Ijumaa anasimama mbele ya walimu na kazi yake ya mwisho. Iko humo yote. Mzee, tafadhali, usimwambie ni mimi. Yeye huwaambia wenzake mama yake anajua kila kitu."

Joab akaigeuza. Ilikuwa moja ya zile za bei rahisi, ambazo kumbukumbu yake imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuing'oa ukaisomee mahali pengine. Iwake yenyewe au kazi ya Nelvine ipotee. Akaifungua skrubu moja moja, akatoa betri. Karibu na feni akakuta chipukizi, majani mawili na ncha yake, limekaa pale kama limepangishwa.

Kesho yake asubuhi Chepkorir alikuwa mlangoni. "Washa kidogo tu, tuone."

"Nikiwasha ikiwa na maji itajiunguza. Hapo hata mimi siwezi kuirudisha."

Alikuwa ameisafisha bodi kwa spiriti na mswaki mlaini, akailaza juu ya waya wa kuku, chini yake feni ndogo ikipuliza hewa baridi. Kila baada ya muda aliigeuza, akaipitishia mgongo wa mkono, akainusa, vilevile alivyokuwa akifanya kiwandani. Vijana wa saiba ya jirani, pale pa intaneti, wakaja kuchungulia, wakaenda kutangaza kwamba mzee Opondo anaanika kompyuta. Habari zilimfikia Jerusa sokoni, na jioni ile katoni mbili zaidi zikafungwa.

Ukweli ni kwamba Joab naye alitamani kuiwasha. Tamaa hiyo ilimkalia kidoleni siku nzima. Akaenda kukaa kwenye ngazi, mbali na ile swichi.

Alhamisi saa sita mchana Chepkorir alikuwa amekaa pale pale kitini, na Jerusa ndiyo kwanza anafika mlangoni na sahani ya chakula, wakati msichana mwenye begi mgongoni alipopita kando yake kwa haraka. Nelvine alichoka kungoja simu, akaja mwenyewe. Akaiona laptopu yake iko wazi juu ya waya wa kuku.

"Ilikuwa tundu la chaja tu! Nani ameimwagia maji?"

Chepkorir akashika ncha za leso yake, akaangalia sakafu. Joab akamtazama. Alijua kabisa anachokaribia kupoteza. Huyu msichana ana simu, ana darasa zima nyuma yake, na ujumbe mmoja tu ungetosha kulizika jina la duka. Makatoni nyumbani yalikuwa karibu kujaa.

"Ni mimi," akasema. "Chai yangu ilimwagika."

Nelvine akafungua mdomo amseme. Ndipo macho yake yakapanda ukutani, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, "Chai marufuku karibu na meza." Akamgeukia. "Na hii ni nini, mzee?"

"Hiyo ni ya wateja," Joab akasema kinyonge. Mlangoni Jerusa, aliyemwona mume wake akinywa chai nje hata mvua ikinyesha, akaiteremsha sahani polepole.

"Wacha, mzee," Chepkorir akasema. "Nelvine, ni mimi. Niliiweka chini ya majani isinyeshewe. Ikapikika. Mama yako hajui kila kitu."

Feni ikapuliza. Nelvine akamwangalia mama yake, akaiangalia leso. "Uliifunga na hii ya Krismasi? Hii hukubali hata niiguse?"

"Ningeifunga na gunia?"

Msichana akacheka, na machozi yakamtoka papo hapo, akachuchumaa na kuweka kichwa kwenye paja la mama yake. Joab akajifanya anatafuta skrubu.

Akaipitishia mgongo wa mkono mara ya mwisho. Kavu. Akalikaza lile tundu la chaja, akarudisha betri, akafunga. "Mama Nelvine, bonyeza wewe." Chepkorir akabonyeza kwa kidole cheusi kwa utomvu wa chai. Feni ya ndani ikakohoa, kioo kikabaki giza, halafu kikawaka. Kazi ilikuwepo yote. Vibonye viwili vilikataa kabisa, lakini Nelvine hakuvijali. Aliinakili kazi yake kwenye flashi mara mbili, akakimbilia Kabianga.

Jumamosi, kwenye foleni ya kituo cha majani, Chepkorir alijisema mwenyewe mbele ya watu wote, kikapu, leso, lori na kila kitu, na walipomcheka alicheka nao, kisha akawaambia nani aliyeiponya. Jumatatu asubuhi karani wa kituo akashuka kwenye bodaboda na printa mikononi, akiuliza alipo yule mzee anayenyausha kompyuta. Kufikia saa nne mezani palikuwa na mashine tatu, na wawili wanangoja.

Jerusa akaja na chupa ya chai. Akafika kizingitini, akatazama ukutani, akasimama hapo hapo. Akamimina kwenye kikombe cha bati cha kijani, ambacho Joab alijua kilikuwa kimepangwa chini kabisa ya katoni ya kwanza, akakiweka kwenye ngazi.

"Fundi," akaita, "chai yako iko huku nje."