Darubini Iliyokwenda Babati

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa jikoni kwangu Mto wa Mbu, mchana kweupe, na ile stendi ya miguu mitatu ya mjukuu wangu wa kike, Eliaichi, inakunywa chai yangu. Juu yake imepanda darubini ya kutazamia ndege. Ni ya kuazima. Leo Eliaichi anaongoza wageni ziwani peke yake kwa mara ya kwanza, na tajiri wake alishamwambia: darubini ikianguka, na kazi imeanguka.

"Kitendawili," stendi ikasema.

Mimi kwa vitendawili sijiwezi. "Tega."

"Watatu wamesimama, mmoja amepanda. Wa tano haonekani, lakini akilegea wote wameumbuka."

"Mafiga na chungu."

"Na wa tano?"

"Moshi."

"Moshi unaonekana, Bibi. Nipe mji."

Ndiyo desturi. Ukishindwa unampa mwenzako mji, anajisifu kwamba kaenda na kala huko, kisha anakupa jibu. Nikasema bila kufikiri, "Chukua Babati."

"Asante." Ikaweka kikombe chini, ikaondoka kwenda Babati.

Na darubini iko juu, inayumba kama ndoo kichwani pasipo ngata.

"Bibi, usiniache," inalia. "Huyu hajanishika. Nimewekwa tu."

Naifuata. Nafungua mlango wa jikoni, natokea sokoni Babati. Heroe, ndege wa ziwani mwenye miguu mirefu, anauza vitunguu, amesimama kwa mguu mmoja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hujaona miguu mitatu ikipita?"

"Imepita, inaringa. Mitatu yote ya nini?" Akabadilisha mguu, akanipa kitunguu nimshikie, akakichukua tena. "Ila kosa si la miguu. Mtazame huyo iliyembeba, chini yake, pale kwenye kibati."

Nikaikuta stendi inatafuna mishikaki. "Nimekwenda Babati," inawaambia watu, "nimekula, nimeshiba, na Bibi bado hajui."

Nikaidaka darubini kwa mkono mmoja, kwa wa pili nikapapasa chini yake. Kile kibati cha kuiunganisha na stendi kinacheza. Katikati kina skrubu yenye mfereji kichwani.

"Wa tano ni skrubu," nikasema.

Stendi ikaacha kutafuna. "Umepata," ikasema, ikapanua miguu yake vizuri, ikatulia.

Nikafungua fundo la khanga, nikatoa sarafu, nikaiingiza kwenye mfereji, nikazungusha mpaka ikagoma. Nikasukuma kibati kwenye kiti chake juu ya stendi mpaka kikalia ka, nikafunga kishikio. Mkono sikuutoa kwanza. Niliitikisa kidogo, kama ninavyotikisa chungu kabla ya kuyaachia mafiga.

"Asante, mke mwenzangu," darubini ikasema.

"Hivyo ananiita Eliaichi."

"Anakutaja sana kule ziwani."

Nikaamka, kumekucha. Eliaichi yuko uani, tayari kwa safari, anaigeuzageuza darubini yake.

"Mke mwenzangu, nani kaikaza hii? Jana ilikuwa inacheza, nimelala na roho juu."

"Mshukuru Mungu, uende. Wageni wanakusubiri."

"Nimeshashukuru. Nakuuliza wewe."

Nikajishika kiunoni. Fundo la khanga yangu lilikuwa limefunguka, na sarafu imo kiganjani, ukingo wake umekwaruzika. Nikaomba heri, nikamtajia Mungu na yule heroe pia. Kisha nikainusa sarafu.

Vitunguu.