Babu na Jirani Zake

Mwaka mzima fundi saa na mama yake walikuwa wamemlilia mtu wasiyemjua.

Fundi alianza kulishuku hilo ofisini kwa karani wa makaburi, kitabu cha maziko kikiwa wazi mbele yake. Babu yake mzaa mama aliandikwa safu ya tisa, kaburi la nne. Vibao vya namba vilishaoza zamani, kwa hiyo mwaka jana alihesabu safu kuanzia getini, akafika kwenye kaburi lisilo na jina, akamleta mama. Mama, ambaye baba yake alizikwa yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, alilia hadi akashikwa na kwikwi.

Sasa macho ya mama yalikuwa yanafifia, naye alitaka aone jiwe lenye jina la baba yake kabla hayajazima kabisa. Kabla ya kumwita mchongaji, fundi alirudi kuhakiki, kama anavyolinganisha saa aliyoitengeneza na saa nyingine. Alichagua marehemu mmoja ambaye jiwe lake bado linasomeka, mwalimu wa kwaya, akamtafuta kitabuni. Safu ya kwanza. Lakini jiwe la mwalimu alikuwa amelikuta mwisho kabisa, kule ukutani.

"Mzee, hili geti limekuwa hapa siku zote?"

"Hilo? Hilo lilikuja na barabara mpya. La zamani lilikuwa kule ukutani, likazibwa." Karani akacheka. "Watu wangu hawahami, mwanangu. Mageti ndiyo yanayohama."

Fundi akahesabu upya, safari hii kutoka ukutani. Alitarajia kichaka. Akakuta kaburi limepaliliwa, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na kando yake bibi mmoja amechutama na kijembe.

"Shikamoo, bibi. Huyu ni wako?"

"Marahaba. Wangu ni huyu hapa, baba yangu. Huyo jirani tu, hata jina lake silijui. Mama yangu aliwapalilia wote wawili, nami nikarithi jembe. Nikimwacha, magugu yake yanahamia kwetu. Halafu baba naye alikuwa hapendi jirani mchafu!"

Fundi alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. "Ni babu yangu," akasema, akamtajia jina.

Bibi akalirudia taratibu. "Haya. Leo nimejua huwa namsalimia nani."

Jumapili mama aliletwa. Alipapasa mawe yale moja moja, kisha akaushika mkono wa bibi, akawa hauachii.

"Dada, umenitunzia baba yangu."

"Hakunisumbua, dada. Mtu mtulivu kweli."

Wakacheka wote, huku mama akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Walipoinuka kuondoka, alisimama ghafla.

"Na yule mwingine? Niliyemlilia mwaka jana?"

"Mama, yule si wetu."

"Najua. Lakini machozi yangu ameshayapokea. Hebu muombe bibi kijembe, tukampalilie."