Ndiyo ya Gebeyehu

Siku walipomtoboa mume wangu Gebeyehu shingoni, Sista Zinash ndiye aliyesimama kichwani pake. Daktari Henok alipokuwa akikata, yeye aliurudisha nyuma mrija wa kupumulia uliokuwa mdomoni, kidogo kidogo, pumzi isikatike, mpaka mrija mfupi ulipoingia kwenye tundu. Baadaye alinionyesha vidole vyake.

"Mama, nilikuwa kama nimeshika yai," alisema. Sitamsahau.

Lakini tangu hapo, wiki mbili nzima, tulikwama. Ugonjwa ulikuwa umemlegeza mwili, akili ikabaki timamu. Kila baada ya siku chache walimwondoa kwenye mashine ya kupumulia ili ajaribu mwenyewe kwa saa mbili. Mara tatu alijaribu, na mara tatu skrini inayohesabu pumzi ilipiga kengele, akarudishwa.

"Pumzi zinakuwa fupi na nyingi," Daktari Henok aliniambia huku akijikuna kidevu. "Anaanza vizuri kabisa, halafu ghafla anaharibu. Sielewi. Akishindwa na leo, mama, tutangoja wiki nyingine, na kila siku ya mashine inamkaribishia homa ya mapafu."

Nilitamani kuutupa ule mtambo dirishani.

Jaribio la nne lilianza saa tatu asubuhi. Nusu saa ikapita, pumzi zake zinakwenda sawasawa. Sista Zinash akaja, akamshika mkono.

"Baba, umeamka vyema? Umelala? Huna maumivu? Watoto wazima? Unanisikia?"

Kengele ikalia.

"Tena!" Zinash akajipiga paja. "Mungu wangu, nimemkosea nini mzee huyu?"

Akamvuta makohozi kwenye mrija. Hayakuwapo. Gebeyehu akatulia, kengele ikanyamaza kabla hajarudishwa kwenye mashine.

"Nikupanguse uso?" nikamuuliza. Namba kwenye skrini ikaruka. Nikanyamaza, ikashuka. "Unataka mto?" Ikaruka tena.

"Zinash binti yangu, hebu simama hapa. Mtu huyu sauti haitoki. Anatujibuje?"

"Hivi tu," akasema, akavuta pumzi kwa ghafla, *hh*, kama tunavyoitikia sote wasema Kiamhari tangu utotoni. Kisha akashika kichwa. "Mama! Anasema ndiyo!"

"*Hh*," nikamjibu.

Wiki mbili! Kila mgeni aliingia na salamu zetu ndefu, umeamkaje, umeshindaje, na nyumbani je, na ng'ombe je. Naye, mtu wa adabu, aliitikia kila moja kwa pumzi kupitia lile tundu. Tulikuwa tumesimama palepale na hatukusikia, maana nani husikiliza ndiyo? Na mashine haijui Kiamhari. Inahesabu tu.

Nikahamishia kiti mlangoni. Saa tano kasoro robo akatokea shemeji yangu Demissew, mikono wazi.

"Shemeji! Mmeamkaje? Mgonjwa wetu—"

"Nyamaza."

"Hata salamu?"

"Hasa salamu. Mpaka saa tano."

"Siku hizi umekuwa askari? Nimetoka mbali, nimsimamie kama nguzo?"

"Nguzo haiulizi maswali. Kuwa nguzo."

Alinuna, lakini aliingia polepole, akaweka mkono kifuani, akamwinamia kaka yake kwa muda mrefu bila neno. Kengele haikulia. Nilimpenda sana shemeji yangu dakika ile.

Saa tano Daktari Henok akatazama skrini, akamtazama mgonjwa, akatazama skrini tena.

"Leo hatumrudishi," akasema. Zinash akageukia ukutani, akajipangusa macho kwa mkono wa koti.

Mimi nikaenda kitandani. Gebeyehu alikuwa amenikazia macho kwa hasira. Saa nzima na zaidi mkewe amemnyima hata neno, kwa nini asikasirike?

"Kuanzia leo, ndiyo ni kufumba jicho," nikamwambia. "Umenikasirikia?"

Akafumba jicho. Halafu, kwa mazoea, akavuta na pumzi.