Mguu wa Polepole
...na sasa wanataka akanyage kama mwali anayeogopa vumbi, yeye, Daktari wa Breki, jina alijipa mwenyewe, sawa, lakini si limeshika, na jina likishashika nani anauliza lilibandikwa na nani, amekaa kwenye kiti cha dereva cha gari la dada yake, injini inanguruma, mlango uko wazi, mguu wa kulia juu ya pedali ya breki, na Mama Spana mwenye gereji ameinamia injini, boneti imemmeza kichwa, sauti inatokea humo humo, "Usiipige, Daktari, kanyaga kama unapita chumba alicholala mtoto, halafu tulia hapo hapo," ati tulia, yeye na kutulia wapi na wapi, hata shule aliiacha kwa ajili hiyo, mwalimu alisema kaa chini yeye akasikia toka nje, akatoka, na hajarudi mpaka leo, breki anazipima kwa staili yake, pa pa pa, mara tatu, mguu wa bondia, pedali ikisimama juu ngumu kama jiwe gari limepona, aje mwingine... ndivyo alivyolipima hili Jumamosi, dada kaja analalamika, nikisimama kwenye taa breki inashika, halafu pedali inashuka yenyewe taratibu, kama mtu anayesinzia, naye akapiga pa pa pa, jiwe, akatoa kichwa dirishani gereji nzima isikie, "Dada, breki hii nzima, tatizo ni viatu vyako, soli zinateleza," mafundi wakacheka, na yeye akawazidi kucheka, kama kawaida yake, na dada akafunga mlango, watoto wawili kiti cha nyuma, akaenda zake... "Bado umekanyaga?" Mama Spana anauliza, "Nimekanyaga, mama, nimekuwa sanamu," na nje dada ameegemea ukuta, mtoto wake mdogo kiunoni, anamweleza Mama Spana maneno yanayomfikia Daktari nusu nusu, "...mimi nasimama polepole, huyu akiamka njiani hatukai kwa amani... kwa hiyo jana sikushuka mteremko wa machimbo, nikazungukia barabara ya chini..." mteremko wa machimbo, ule, wenye malori ya kokoto yanayokatiza pale chini kabisa, kila siku dada anaushuka kwenda kazini, jana hakuushuka, kwa nini hakuushuka, kwani aliambiwa nini Jumamosi, aliambiwa breki nzima... na hapo mguu unahisi kitu. Si kitu kikubwa. Kama zulia limesogea, labda kifundo kimechoka, labda kiti kimerudi nyuma, anakaza goti, hapana, yeye hajaongeza nguvu hata chembe na pedali inashuka, unene wa kidole, vidole viwili, haina haraka, haina kelele, inakwenda zake chini, na kichwa kinaanza kukimbia, wapi sasa, asubuhi wametoa hewa kwenye breki za magurudumu yote manne, mipira ya breki mikavu, sakafuni hakuna tone, kopo la mafuta ya breki limejaa mpaka kwenye mstari, kama mafuta hayatoki nje basi yanatorokea ndani, masta silinda, ndiyo, ile inayosukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu, mipira yake ya ndani imelika, ukiipiga kwa nguvu inatanuka inabana, fundi anajiona bingwa, ukiikanyaga kwa upole mafuta yanapita pembeni kama mtoro anayejua tundu la ua, kwa hiyo ni huu mguu wake, mguu wa bondia, uliokuwa unauficha ugonjwa, na dada, ambaye hajawahi kushika spana, aliuona kwa sababu tu anasimama taratibu mtoto asiamke... viatu vyako, dada... viatu, ebu, viatu, ile baiskeli ya marehemu baba, haina breki hata moja, yeye ana miaka mitano amekaa nyuma amemshika dada kiuno, wanashuka, upepo unamjaa mdomoni, anapiga kelele za furaha, ongeza, dada, ongeza, mjinga hajui kwamba dada anashindwa kusimamisha, na dada akaunyosha mguu nyuma akabana ndala kwenye tairi, harufu ya mpira unaoungua, wakasimama hatua mbili kutoka kwenye mtaro, na yeye akalia, si kwa woga, alilia kwa sababu mchezo umekwisha, dada akarudi nyumbani na ndala moja, akachapwa kwa kuharibu viatu, wala hakusema iliungua kwa kusimamisha baiskeli... na soli hizo hizo ndizo alizochekeshea watu. "Daktari, umelala? Vipi huko?" pedali imegusa zulia, na mafundi wawili wamesimamisha kazi wanamtazama, anachotakiwa ni kupiga pa pa moja tu na jiwe litarudi juu, aseme nzima, jina libaki limeshika, nani atajua, na kesho dada aushuke mteremko, watoto nyuma, kwa neno lake... ahsante, ahsante dada kwa kutoniamini, ahsante kwa kuzunguka barabara ya chini, kwa kichwa chako kigumu, kwa huyo mdogo wa kiunoni asiyetaka kuamshwa, ahsante hata kwa huyu mama mwenye kichwa ndani ya injini, "Inazama, mama," anasema, na sauti inatoka ndogo hata yeye haitambui, "masta silinda imekwisha, na Jumamosi ilikuwa imekwisha vilevile, mimi ndiye sikuiona," fundi mmoja anaguna, mwingine anasema leo Daktari kalazwa, acha aseme, na dada amesogea mpaka mlangoni, anamtazama mguu, "Na viatu vyangu, mdogo wangu?" Injini bado inanguruma, mgongo wa Mama Spana uko pale pale, yeye anaziangalia soli za dada. "Viatu vyako vinashika breki kuliko mimi, dada." "Kimoja kiliungua," dada anasema, anamhamishia mtoto kiuno cha pili, "wewe ukawa unalia niongeze," na yeye bado amekanyaga, polepole, hajautoa mguu.